Mahindi na mbaazi Babati: hesabu inasema zao moja, shamba linasema mawili

Swali: "Mimi ni bibi shamba wa kata moja Babati Vijijini. Tumetakiwa kila mmoja aandike mchanganyiko wa mazao wa kata yake, kisha apendekeze zao la mkakati. Nimetumia kanuni ya Weaver tuliyofundishwa chuoni, ikanipa zao moja tu, mahindi. Lakini nikipita vijijini, mbaazi zimo karibu kila shamba la mahindi. Je, nimekosea hesabu? Na wakulima tuwashauri watenganishe, mahindi yawe na shamba lake na mbaazi lake, ili mavuno yaongezeke na takwimu zisomeke? Wenzangu wengine wanasema mbaazi ziachwe kabisa, kwa yale yaliyotokea mwaka 2017 bei ilipoanguka."

Hujakosea hesabu. Naamini kosa liliingia kabla hujashika kikokotoo, kwenye ile safu ya fomu iliyoandikwa "zao kuu". Nianze hapo, kwa sababu ukikielewa kilichotokea kwenye safu ile, nusu ya swali lako la pili itakuwa imejijibu.

John C. Weaver alikuwa mwanajiografia wa Marekani. Mwaka 1954 alitaka kuchora ramani ya majimbo ya katikati ya nchi yake, aoneshe ni wapi wanategemea zao moja, wapi mawili, wapi matatu. Kanuni yake ni nyepesi. Unapanga mazao kwa asilimia ya eneo, kubwa hadi dogo, halafu unalinganisha na hali ya kubuni: kama kata ni ya zao moja, zao hilo lingekuwa na asilimia 100, ya mawili, 50 kwa 50, ya matatu, 33.3 kila moja, na kuendelea. Unachukua tofauti kati ya hali halisi na hiyo ya kubuni, unazipiga kipeo cha pili, unajumlisha, unagawa kwa idadi ya mazao. Penye jibu dogo kuliko yote ndipo penye mchanganyiko wako. Haya unayajua. Usilofundishwa pengine ni kwamba mashamba aliyokuwa akiyatazama Weaver yalikuwa ya zao moja moja: huku mahindi, kule ngano, ng'ambo ya barabara soya. Kanuni yake haikuwahi kuulizwa ifanye nini pale mazao mawili yanapolala kwenye tuta moja.

Tuchukue kata ya kubuni yenye ekari 100 zilizolimwa. Ekari 70 zina mahindi na mbaazi pamoja, 10 zina mahindi peke yake, 10 alizeti, 10 maharage. Karani anayejaza "zao kuu" ataandika mahindi 80, alizeti 10, maharage 10. Piga Weaver: zao moja linatoa 400, mawili 1,250, matatu 1,089. Jibu ni zao moja, kata ya mahindi. Sasa mpe karani fomu yenye nafasi ya kuandika kila zao lililomo shambani. Mahindi 80, mbaazi 70, alizeti 10, maharage 10, jumla 170. Zigeuze asilimia: takriban 47, 41, 6 na 6. Zao moja linatoa 2,809, mawili yanatoa 45, matatu 331. Kata hiyohiyo, siku hiyohiyo, sasa ni ya mahindi na mbaazi, wala jibu halina ubishi.

Ndiyo maana nasema hesabu yako ni sahihi. Umehesabu vizuri kitu ambacho si shamba.

Kuna jambo lingine kuhusu kanuni hii ambalo ningependa ulijue kabla hujasimama mbele ya madiwani. Jibu lake linaweza kuning'inia kwenye uzi. Chukua kata yenye mahindi asilimia 45, mbaazi 25, maharage 15, alizeti 10 na viazi vitamu 5. Mazao matatu yanatoa 180.6, manne yanatoa 181.25. Kanuni inatamka matatu, alizeti inaachwa nje. Hamisha asilimia moja tu kutoka mahindi kwenda alizeti, yaani 44 na 11, mambo yanageuka: matatu 173.1, manne 164.25. Alizeti imeingia. Asilimia moja ya eneo, kwa makadirio ya kukanyaga kwa miguu tunayoyafanya, ni kitu gani? Mjapani Doi aliirekebisha kanuni baadaye kwa kuacha ile hatua ya kugawa kwa idadi ya mazao; ukitumia ya kwake, mfano huu unabaki matatu mara zote mbili. Mimi hupiga zote mbili. Zikikubaliana naandika jibu, zikipingana naandika kwamba kata ipo mpakani, na nataja zao linalobishaniwa. Mtu asikulazimishe kutoa namba moja pale ambapo data haina namba moja.

Sasa namna ya kujaza upya. Usiombe fomu mpya, utasubiri mwaka mzima. Chukua daftari. Kwa kila shamba la sampuli andika mazao yote yaliyomo, kisha andika mwezi lilipopandwa kila moja na mwezi linapotoka. Hiyo safu ya miezi ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na karibu hakuna fomu ya ofisini iliyo nayo. Mahindi ya Babati hukaa shambani kama miezi mitano. Maharage mitatu au pungufu. Mbaazi za muda mrefu, hizo za asili nyeupe na zile zilizoboreshwa kama Mali, hupita miezi saba, na mara nyingi zinavunwa kati ya Agosti na Oktoba wakati mabua ya mahindi yameshalala chini. Ukizidisha ekari kwa miezi, mbaazi ambazo hazimo kabisa kwenye ripoti yako ndizo zinazoishika ardhi muda mrefu zaidi ya zao lolote la msimu katani.

Halafu usichanganye vijiji vya juu na vya chini kwenye wastani mmoja. Wilaya yenu inaanzia chini ya Bonde la Ufa, takriban mita 950 kutoka usawa wa bahari, inapanda hadi kupita mita 2,000. Huko chini, mahali paitwapo Magugu, kuna mpunga wa umwagiliaji, na mchele wake una jina sokoni hadi Arusha. Bonde la Kiru lina miwa. Panda ukuta wa bonde uelekee Dareda na Bashnet, hali ya hewa inapoa, na ukifika Long mbaazi zinakuaga: ubaridi unachelewesha maua, na wakulima huko wanaweka maharage chini ya mahindi, au wanalima ngano na viazi mviringo. Mahindi na mbaazi ni mchanganyiko wa katikati, wa Gallapo, Sabilo, Seloto na majirani zao, ambako kuna joto la kutosha na mvua ya kutosha ila haidumu. Kata yako ikiwa imekaa kwenye mteremko, gawa vijiji kwa mwinuko kwanza, ndipo upige hesabu. La sivyo utapata wastani wa mpunga na viazi, kitu ambacho hakuna mtu Babati anakilima.

Nije kwenye la kutenganisha. Ushauri wangu ni hapana, na sababu zake zinaonekana ukifuata kalenda.

Mbaazi zikipandwa siku moja na mahindi, miezi miwili mitatu ya kwanza zinajivuta. Shina jembamba, majani machache, mpita njia atasema zimedumaa. Wakati huo mahindi yanakimbia, yanakula mbolea na jua, na mbaazi haziyasumbui. Mahindi yanapoanza kukauka, jua linaingia shambani, na ndipo mbaazi zinafumuka. Mvua imekwisha, lakini mzizi wake mkuu umeshuka chini ya pale mizizi ya mahindi ilipofikia, na unaishi kwa unyevu uliobaki kule. Hapa ndipo penye siri ya mchanganyiko huu. Mkulima wa kijiji cha katikati asingepanda kitu kingine kwenye shamba lile mwezi Julai, kwa kuwa hakuna mvua. Mbaazi zinatumia muda na maji ambayo bila zenyewe yangepotea bure. Ukizitoa ukazipa shamba lake, shamba hilo litakaa na vijiti vyembamba tangu Januari hadi Mei, jua likipiga ardhi tupu na magugu yakikualika palizi ya tatu.

Kuna kipimo cha kuliangalia hili kwa namba. Gawa mavuno ya kila zao katika mchanganyiko kwa mavuno yake likiwa peke yake, kisha jumlisha. Jibu likizidi 1, mchanganyiko unashinda. Tuseme, kwa mfano tu, ekari ya mahindi matupu inatoa gunia 10, na ya mbaazi tupu gunia 6. Ukichanganya unapata mahindi 9 na mbaazi 4. Hiyo ni 0.9 na 0.67, jumla 1.57. Maana yake ili mkulima avune kiasi kilekile kwa kutenganisha, angehitaji ekari moja na nusu na ushee. Wenzangu wa vipimo wana haki ya kulalamika kwamba kipimo hiki hakihesabu muda, kwamba zao la miezi minane linapewa sifa sawa na la mitano. Malalamiko hayo yana uzito Magugu penye mfereji, ambako shamba likiachiwa mapema linapandwa tena. Penye msimu mmoja wa mvua hayana.

Usiwaambie wakulima kuwa mahindi hayapungui. Yanaweza kupungua kidogo, hasa mwaka wenye ukame au pale mtu aliporundika mbegu. Waambie ukweli, kisha waoneshe kinachoingia upande wa pili: gunia za mbaazi, kuni za miti yake ambazo akina mama wanazipigia hesabu kuliko sisi, na majani yanayodondoka. Hayo majani ni mbolea. Mbaazi ni jamii ya mikunde, zinashika naitrojeni ya hewani kwenye vifundo vya mizizi, na sehemu yake inarudi ardhini kupitia majani yanayopukutika msimu wote wa kiangazi. Mizizi yake pia hutoa asidi zinazofungua fosforasi iliyoshikwa na madini ya chuma kwenye udongo, kazi ambayo mahindi hayaiwezi. (Nikiwa kwenye fosforasi: mgodi wa Minjingu, unaochimba mawe ya fosfeti ya mbolea, upo wilayani kwenu, halafu bado kuna mashamba yasiyopata hata mfuko mmoja. Haya tuyaache.) Faida hii ya udongo haionekani mwaka wa kwanza, na ukiyachoma majani au ukimruhusu mtu ayafagie yote haitaonekana kamwe.

Badala ya kutenganisha mashamba, tenganisha mistari vizuri. Wakulima wengi wanapanda mahindi kwa sentimita 75 kati ya mstari na mstari, mbaazi zikiwa kwenye mstari uleule au katikati, nyingine zimetupwa nyuma ya jembe la maksai bila mpango. Upo mtindo wa mbili-mbili, uliotokea magharibi mwa Kenya na ukajaribiwa na wakulima wa Babati pia. Mistari miwili ya mahindi inasogezwa hadi sentimita 50, kisha unaacha nafasi ya mita moja, na ndani ya nafasi hiyo unaweka mistari miwili ya mikunde yenye sentimita 33 kati yake. Idadi ya mahindi kwa ekari inabaki ileile, kwa sababu 50 na 100 ukizigawa kwa mbili unarudi kwenye 75. Kilichobadilika ni jua linalofika chini. Kwa kijiji chenye mvua nzuri unaweza kuweka hata maharage kwenye nafasi ile, yakatoka mapema kabla mbaazi hazijahitaji mahali. Hapo shamba moja lina mazao matatu, na kila moja linaondoka kwa wakati wake.

Pana mahali pamoja ambapo mimi mwenyewe nitakwambia watenganishe: penye mnyauko. Ukiona mbaazi zinakauka tawi moja moja wakati udongo bado una unyevu, pasua shina karibu na ardhi. Michirizi ya kahawia au nyeusi ndani ni dalili ya ugonjwa wa mnyauko, unaosababishwa na ukungu wa fusariamu, na ukungu huo unakaa kwenye udongo miaka. Shamba hilo lipumzishwe mbaazi, lipewe mahindi na alizeti kwa mzunguko, na mbegu ikirudi iwe ya aina inayostahimili. Mali ni mojawapo. Mbegu ya kuokota kutoka shamba linalougua ndiyo njia ya haraka ya kuupeleka ugonjwa kijiji cha pili.

Jambo ambalo hukuuliza, na ambalo naona ndilo litakalokusumbua kuliko yote, ni ng'ombe. Kwa mila ya sehemu nyingi, mahindi yakishavunwa shamba ni la wote: mifugo inaingia kula mabua. Mkulima mwenye mbaazi bado ana zao shambani kwa miezi miwili zaidi. Vijiji ambavyo kila mtu ana mbaazi huwa vimeshapatana, mifugo inasubiri. Lakini pale penye mkulima mmoja kati ya kumi, huyo mmoja hulinda peke yake, na akichoka anaacha. Kwa hiyo mbaazi hazienei kwa mbegu tu, zinaenea kwa makubaliano ya malisho. Kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 kinaweza kupanga maeneo ya kilimo na ya malisho yenyewe. Tumia huo mlango. Kaa na mtendaji wa kijiji na wafugaji mkubaliane tarehe ya kufungua mashamba, na iandikwe kwenye mihtasari ya mkutano mkuu. Upande wa Kwakuchinja, kwenye mapito ya wanyama kati ya hifadhi za Tarangire na Manyara, mna mgeni wa ziada mwenye mkonga ambaye hasomi mihtasari. Huko zao linalobaki peke yake shambani hadi Oktoba linahitaji ulinzi wa aina nyingine, na ningesita kulisukuma.

Sasa 2017. Agosti mwaka ule India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na kwa kuwa sisi Tanzania tunauza karibu zote huko, bei ilianguka vibaya. Watu walikata miti wakatia jikoni. Wenzako wanakumbuka vizuri, siwalaumu. Lakini tazama ni nani aliyeumia zaidi. Aliyekuwa na ekari tano za mbaazi tupu alipoteza msimu mzima. Aliyechanganya alikuwa na mahindi yake ghalani. Hasara yake ilikuwa mbegu kidogo na kazi ya kuvuna, na wapo ambao hata kuvuna hawakuvuna. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, bei zikapanda, na aliyeng'oa mbegu yake akaanza kuitafuta kwa jirani. Soko linaloamuliwa na waziri wa nchi nyingine hulipangii shamba zima. Na hilo kwangu ni hoja ya kuchanganya.

Kuhusu zao la mkakati, nakushauri usilitaje zao moja. Najua umeambiwa moja. Andika "mahindi na mbaazi, katika mchanganyiko", kisha weka jedwali lako la ekari kwa miezi chini yake, na hesabu zote mbili, ya zao kuu na ya mazao yote, ili mkuu wa idara aone kwa macho yake tofauti inatoka wapi. Akikataa, na anaweza kukataa kwa sababu fomu ya mkoa nayo ina safu moja, weka mahindi kwenye safu na mbaazi kwenye maelezo, lakini kwenye bajeti ya pembejeo hakikisha mbegu ya mbaazi inaombwa kwa jina. Bajeti ndiyo inayofika kijijini.

Kwa vijiji vyako vya juu andika mahindi na maharage, tofauti kabisa. Kama una kijiji kilichokaa mpakani, kati ya vijiji vya mbaazi na vya juu, ambako mbaazi zinatoa maua mwaka mmoja na mwingine zinachelewa, panda mistari michache ya Komboa, aina ya mbaazi ambayo hukomaa mapema kuliko Mali, pembeni mwa shamba la mfano. Weka tarehe ya ua la kwanza kwenye daftari lako, kijiji kwa kijiji, kwa misimu miwili kabla hujakipangia kijiji hicho chochote.